Unguja mpaka London ni saa ngapi hasa? Kila ninapoangalia napata jawabu jengine

Mtoto wa Limbani

Assalaam alaykum jamani. Naomba mnisaidie, hesabu zimenichanganya, na bibi ananiuliza kila akitoka kusali.

Bibi yangu mzaa mama ana miaka 74, yuko Wete, Pemba, hajapata kupanda ndege tangu azaliwe. Mwezi wa saba in shaa Allah anakwenda Uingereza kwa mama mdogo, Northampton, ambaye anakaribia kujifungua na hataki kukandwa na mtu mwengine ila mama yake. Viza imetoka, tiketi imekatwa. Limebaki suala moja ambalo nililiona jepesi: bibi atakaa njiani muda gani? Ana maradhi ya sukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni, kwa hivyo anataka kujua atakula saa ngapi, atasali wapi, sindano ataipiga akiwa wapi.

Nikaingia mtandaoni. Pahala pa kwanza pameandikwa kuwa kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume mpaka Heathrow ni 7,440. Pahala pa pili ni 4,620. Pa tatu 4,020. Nikasema labda London ziko tatu. Muda wa kuruka lakini wote wanakubaliana, saa tisa na kitu.

Sasa njoo kwenye tiketi. Anaondoka Unguja tarehe 11 saa 17:10, anafika Doha 23:05. Anaondoka Doha tarehe 12 saa 01:35, anafika Heathrow 06:55. Chini wameandika jumla ya safari ni saa 15 na dakika 45. Mimi nikihesabu kutoka 17:10 mpaka 06:55 napata saa 13 na dakika 45. Nimehesabu mara nne, mara ya mwisho kwa kokwa za embe.

Halafu akaja ami yangu, ambaye ndiye mshauri wa ukoo kwa kila jambo, kuanzia mchumba mpaka mashine ya kusagia. Kaivaa miwani, kaitazama tiketi, akasema: "Hamuoni tarehe zimebadilika? Huyu anafika Doha tarehe 11 usiku, anaondoka tarehe 12 usiku. Analala huko, anakaa kutwa. Safari ya siku mbili hii. Nani atampokea?" Bibi kusikia vile akataka tiketi irudishwe.

Basi niambieni. Ni saa tisa, kumi na tatu, kumi na tano au siku mbili? Mpango wetu ni apande ndege ndogo ya kutoka Chake siku hiyo hiyo ya tarehe 11, ishuke Unguja saa nane mchana, aunganishe. Nimekosea pahala?

---

Maalim wa Ramani

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimesomesha jiografia Pemba mpaka nikastaafu, na suala hili ningelipata darasani ningefurahi sana, lakini watoto walikuwa wakiniuliza kengele itapigwa saa ngapi.

London ni moja. Vipimo ndio vitatu. 7,440 ni kilomita. 4,620 ni maili za nchi kavu. 4,020 ni maili za baharini, zile zile za manahodha, kila moja mita 1,852. Marubani wamezirithi kwa mabaharia. Muulize mzee yeyote wa Kojani, atakwambia maili ya bahari ni ndefu kuliko ya barabarani.

Sasa hiyo 7,440 wameipima vipi? Chukua chungwa, chomeka njiti ya kibiriti pahala pa Unguja na nyengine pahala pa London, kisha funga uzi baina yao uukaze. Uzi ukikaza hauna hila, unapita njia fupi kupita zote. Ukiufuata juu ya dunia yenyewe, unatoka kwetu ukielekea kaskazini na kuegemea magharibi kidogo, unapita juu ya Kenya, Sudan Kusini, Sudan, Libya, unavuka Mediterania, unaigusa Italia, kisha Ufaransa, umefika. Hiyo ndiyo masafa ya mtandao. Wakaigawa kwa mwendo wa ndege kubwa, kiasi cha kilomita 850 kwa saa, wakaongeza kidogo cha kupanda na kushuka, ikatoka saa tisa na kitu. Na si uongo: Nairobi mpaka London ni kilomita 6,840 hivi, na ndege ya moja kwa moja huchukua karibu saa tisa.

Lakini uzi wa chungwa haujui vita. Tangu mapigano yaanze Sudan, Aprili 2023, ndege za abiria zinaizunguka anga ile, na ya Libya wengi wanaikwepa tangu zamani. Na muhimu zaidi, bibi yako hapiti kwenye uzi huo hata kidogo. Yeye anapelekwa kwanza kaskazini-mashariki mpaka Doha, kilomita 3,750, halafu anarudishwa magharibi mpaka London, kilomita 5,240. Jumla 8,990. Ni kama mtu wa Wete anayekwenda Konde akaambiwa apitie Chake.

Nilikaa jana na mwana wangu tukapiga hesabu ya vituo vyengine, kwa sababu nilishawishika. Ukipitia Addis Ababa jumla ni kama 7,610, karibu sawa na uzi wenyewe. Istanbul 7,870. Muscat ndiyo inayozunguka kuliko zote, 9,740. Usije ukadhani lakini kwamba masafa mafupi ndiyo safari fupi. Mtu anaweza kupitia Addis akangojeshwa saa tisa uwanjani, na wa Muscat akangoja saa mbili, akafika wa mwanzo. Kinachokula muda ni benchi la kungojea.

Saa mbili zako zilizopotea ziko London. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika. Doha na Zanzibar ni saa moja, hakuna tafauti, ndiyo maana hapo hukukosea. Uingereza mwezi wa saba wako nyuma yetu kwa saa mbili (wakirudisha saa zao mwisho wa Oktoba tafauti inakuwa tatu). Kwa hivyo ile 06:55 ya Heathrow ni 08:55 kwetu. Hesabu tena kutoka 17:10 mpaka 08:55. Saa 15 na dakika 45, kokwa zikitosha.

Ndani yake: saa tano na dakika 55 angani, saa mbili na nusu Doha, saa saba na dakika 20 angani tena.

Jengine dogo. Wakati wa kurudi usishangae London–Doha ikiwa fupi, saa sita na nusu hivi. Juu kule kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, anayekwenda London anapambana nao, anayerudi unamsukuma. Wazee wetu walingoja kusi iwapeleke Arabuni na kaskazi iwarudishe. Rubani hangoji msimu, ila upepo anaulipa vile vile.

---

Kipepeo wa Ngezi

Huyo ami nampenda bure. Kila ukoo una wake. Wa kwetu alisema Uviko ni kwa sababu ya mashine za kufulia.

---

Bint Mkoani

Maalim kamaliza masafa, mie nizungumze tarehe, maana hapo mimi nimelipia.

Niko London mwaka wa kumi na moja. Mwaka mmoja nilikuja kumchukua mama yangu Mkoani, nikaongozana naye. Ndege yetu ilikuwa inaondoka Unguja tarehe 5 saa 02:40. Tarehe 4 tumeshashuka Unguja, tumefikia kwa shangazi Kwahani. Baada ya isha mama kavaa buibui lake, kakaa juu ya sanduku pale ukumbini, mkoba magotini. Namwuliza, mama unakwenda wapi? Ananambia, "Si safari? Usiku wa leo ndio usiku wa tano." Nikacheka. Nikamwambia mama, tarehe 5 ni kesho, wewe pumzika. Akaniangalia, akavua buibui, akalikunja taratibu, akenda kulala. Hakubisha.

Usiku uliofuata tumefika uwanjani na masanduku manne na ndoo ya halua ya Wete. Yule kijana wa kaunta akatazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Dada, hii imeondoka jana."

Mama alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno. Akawa anaifunga tena kamba ya ndoo.

Mnaona? Mama hakusoma skuli, lakini hesabu yake ya usiku ni ile ya kuandama mwezi: jua likichwa siku ya pili imeshaingia, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa. Tiketi nayo, baada ya saa sita ya usiku, inahesabu vivyo hivyo. Mimi na diploma yangu ndio niliyekosea. Niliilipa tafauti ya nauli miezi mitano.

Kwa hivyo mwambie ami, kwa adabu zote, hiyo tarehe 12 saa 01:35 ni saa saba na nusu za usiku ule ule. Bibi anashuka Doha saa tano usiku, saa saba na nusu yuko ndani ya ndege nyengine. Halali popote. Usimwambie "tarehe 12". Mwambie "usiku wa kuamkia kumi na mbili", atakufahamu kabla hujamaliza.

Mengine niliyojifunza kwa mama:

Ombeni kiti cha magurudumu sasa hivi, msingoje siku ya safari. Hakitozwi pesa. Bibi anaweza kutembea mpaka shamba na kurudi, najua, na atakataa, atasema yeye si kiwete. Mwambie si kwa ajili ya miguu, ni kwa ajili ya njia. Ule uwanja wa Doha ni mji mzima, na anayesukuma kiti ndiye anayejua mlango. Ndiye "nani atampokea" wa ami.

Sindano ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini, kule dawa inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Achukue na karatasi ya daktari ya Kiingereza. Na huyo daktari aambiwe hesabu ya Maalim kabla ya safari, apange yeye saa za kudunga. Mama yangu alikuwa na saa ya mkononi, tukaiacha kwenye saa ya Zanzibar mpaka alipofika chumbani kwangu. Dawa alikwenda nayo kwa saa hiyo. Wale wa ndege wanagawa chakula wanapotaka wao, kwa hivyo awe na tende na biskuti zake mkobani.

Halua iende kwenye sanduku. Mara nyengine nilibeba mkononi, pale kwenye mashine nikaambiwa ni kitu laini kama krimu, imezidi mililita 100. Kilo mbili za halua ya samli, na lozi juu, nikaitazama inaingia pipani. Sitaki kuzungumza zaidi.

---

Teksi ya Kiembesamaki

Salaam. Naona mnazungumza ya mbinguni, mie nina ya ardhini.

Ndugu yangu wa Limbani, hapo kwenye ndege ya Chake ndipo ulipokosea. Safari ya nje saa 17:10 maana yake uwe uwanjani saa nane mchana, saa tatu kabla. Wewe ndio kwanza unashuka saa nane, ikiwa imetoka Chake kwa wakati. Na ndege za Pemba hazishukii Terminali ya Tatu, ile ya safari za nje, kuna kungoja mizigo, kuna kutoka, kuna kuzunguka na gari. Kuruka kwenyewe ni kilomita 125 tu, nusu saa haitimii. Lakini nimewabeba watu wangapi waliokwama kwa sababu kile kindege kilingoja mvua ipite au abiria wajae? Na tiketi ni mbili mbalimbali. Ile kubwa haimjui ya Pemba. Ikiondoka imeondoka.

Kitu chengine, vile vidogo vingi vinaruhusu kilo 15 kwa mtu, na mara nyengine wanampima na abiria mwenyewe. Juzi mzee mmoja wa Micheweni alinisimulia walivyompandisha kwenye mizani na kikapu chake, akakataa kushuka mpaka aambiwe kilo zake ngapi na za kikapu ngapi. Sanduku la kilo 23 la Uingereza halipandi humo bila kulipia.

Mlete siku moja kabla, kwa boti ya Mkoani, masanduku yote ndani. Mwezi wa saba kusi linakuwa kali mkondo wa Nungwi, kwa hivyo ale kidogo asubuhi hiyo na akae katikati, si mbele.

---

Maalim wa Ramani

Teksi kasema kweli, na mimi nilisahau. Ukitaka kujua safari hasa, usiianze uwanjani. Ianze kizingitini. Akitoka Wete tarehe 10 asubuhi na kulala Unguja, hiyo ni siku yake ya boti, iwekeni mbali. Tarehe 11 anatoka alikolala saa saba mchana. Anashuka Heathrow saa tatu kasoro dakika tano asubuhi ya kwetu. Pasipoti na masanduku tuseme saa moja na nusu, na gari mpaka Northampton saa moja na nusu nyengine. Anavua viatu kwa binti yake karibu saa sita mchana ya Zanzibar, saa nne asubuhi ya kule. Saa 23. Hiyo ndiyo ya kumwambia bibi.

Na magharibi itamkuta angani, saa moja hivi baada ya kuondoka. Asali kwenye kiti chake. Akipenda kulitazama jua likichwa, akate siti ya mkono wa kushoto.

---

Mtoto wa Limbani

Allah awalipe wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu umeme ulikatika huku siku mbili.

Nimempigia aliyekata tiketi, kiti cha magurudumu kimewekwa na siti ni ya kushoto. Ndege ya Chake tumeifuta, anakwenda kwa boti tarehe 10 pamoja na mimi. Ami ameelezwa. Akasema yeye alikuwa anatupima tu kama tumesoma.

Jana baada ya alasiri nilikaa na bibi barazani, nikamwekea mezani chungwa na uzi wa mama wa kushonea, nikamwonesha. Akauvuta uzi mwenyewe, mara mbili. Akauliza Makka iko wapi hapo. Nikamwonesha. Akasema, "Kumbe mtu anapita karibu na pale, asiteremke?" Sikuwa na jawabu.

Halafu nikamsomea maneno ya Bint Mkoani, yote, mpaka ya halua. Ile ya tarehe 5 alinikatisha, akanitaka nirudie pale yule mama alipovua buibui. Nikarudia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Alipata kwenda lakini?"

Bint Mkoani, anasubiri jawabu.

---

Bint Mkoani

Mwambie alipata, siku tatu baadaye, saa zile zile za usiku. Tarehe 7 baada ya isha nilimkuta ukumbini juu ya sanduku, buibui mwilini. Nikaenda kuvaa viatu.